GA'AL: Mkombozi Wako ni Jamaa Yako

Somo la leo ni refu, kwa hivyo tafuta mahali pa kuketi. Kama una Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile iliyotoka mwaka wa 1952, iweke karibu na uwe na penseli. Tutafungua mara nyingi.

Anza na Ayubu 19:25. Hapo Ayubu anasema anajua kwamba Mteteaji wake yu hai. Sasa nenda Hesabu 35:19 ukutane na mtu wa kutwaa kisasi cha damu, anayemfuata muuaji. Kisha Ruthu 3:9: ni usiku kwenye uwanja wa kupuria nafaka, na Ruthu anamwambia Boazi kwamba yeye ni jamaa wa karibu. Malizia na Isaya 43:14, ambapo Mungu mwenyewe anajiita Mkombozi.

Mteteaji, mtwaa kisasi, jamaa wa karibu, Mkombozi. Ukisoma kwa Kiswahili utadhani umekutana na watu wanne tofauti. Kwa Kiebrania ni neno moja, *go'el*, nalo linatoka kwa kitenzi *ga'al*. Siwalaumu watafsiri. Kiswahili hakina neno moja la kubeba hayo yote, na walichagua vizuri kila mahali. Lakini wewe msomaji umepoteza uzi unaoshona mistari hiyo pamoja, na leo nataka tuutafute. Andika *go'el* kando ya kila mstari niliotaja. Ndiyo kazi ya penseli.

Kitenzi hiki pamoja na jina lake kinapatikana zaidi ya mara 100 katika Agano la Kale. Mara ya kwanza ni Mwanzo 48:16, Yakobo akiwa mzee, macho yamefifia, akiwawekea mikono wana wa Yusufu na kumtaja malaika aliyemkomboa na maovu yote. (Onyo dogo kwa wanaotumia itifaki ya Biblia kwenye simu: kuna *ga'al* nyingine yenye herufi zile zile, na maana yake ni kunajisi. Ndiyo iliyoko Malaki 1:7 na Danieli 1:8. Hilo ni neno jingine, usilichanganye na hili.)

Sasa, neno hili halikuzaliwa kanisani. Lilizaliwa shambani.

Fungua Walawi 25:25. Mtu amekuwa maskini, ameuza sehemu ya shamba la baba zake. Sheria inasema jamaa yake wa karibu aje, alipe, shamba lirudi. Kufanya hivyo ndiko *ga'al*. Bei haikuwa ya kubahatisha: aya ya 15 na 16 zinaeleza kwamba unahesabu mavuno yaliyobaki mpaka mwaka wa yubile, yaani mwaka wa 50. Miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache inashuka, kwa sababu kinachouzwa ni mavuno, ardhi yenyewe haiuzwi moja kwa moja. Ardhi ni ya Mungu, aya ya 23.

Endelea hadi aya ya 47. Hapa mambo yamezidi kuwa mabaya: shamba limekwisha, na mtu amejiuza mwenyewe kwa mgeni tajiri. Nani atamkomboa? Sheria inapanga foleni. Kwanza ndugu yake. Kama hayupo, ndugu ya baba yake. Kama hayupo, mwana wa huyo. Kama hayupo, yeyote aliye wa damu yake katika jamaa. Naye mwenyewe akipata mali, anaweza kujikomboa.

Ili uone uzito wa foleni hiyo, iweke kando ya sheria nyingine ya kale. Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 K.K., aliandika sheria zake kwenye jiwe jeusi ambalo leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Sheria ya 32 inazungumzia askari aliyetekwa vitani, kisha mfanyabiashara akamnunua na kumrudisha mjini kwake. Nani atamlipa mfanyabiashara? Kama nyumbani kwa askari kuna mali ya kutosha, ajikomboe. Kama haipo, hekalu la mji wake limkomboe. Kama hekalu halina, ikulu ilipe. Ni sheria nzuri, nasema kweli. Inakataza hata shamba na nyumba yake kutolewa kwa ajili ya malipo hayo. Lakini angalia foleni yenyewe: mali yake, hekalu, ikulu. Kitenzi cha Kiakadi kinachotumika hapo maana yake ni kufungua, kulegeza kilichofungwa. Katika Walawi foleni ni ndugu, baba mdogo au mkubwa, binamu, damu. Babeli inauliza nani ana pesa. Musa anauliza wewe ni nani kwake.

Na hapa wewe unayesema Kiswahili una faida ambayo Mzungu hana. Kiebrania kina kitenzi cha pili cha kukomboa, *padah*. Hicho ndicho kinachotumika kwa mzaliwa wa kwanza katika Kutoka 13:13, na mara nyingi pale kitu kimoja kinapotolewa badala ya kingine. *Padah* ana ndugu katika lugha za jamii yake: yuko katika Kiakadi, Kiugariti na Kiarabu. Kutoka Kiarabu alivuka bahari akafika pwani yetu, na wewe unamtumia kila siku bila kujua. Ni neno *fidia*. Unaposoma Marko 10:45, kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, mdomo wako unatamka mzizi uliotamkwa na Musa.

Lakini *ga'al* hana ndugu wa uhakika katika lugha hizo. Biashara ya kununua na kuachilia watu ilijulikana kote, na kila taifa lilikuwa na neno lake. Neno la mtu anayelipa *kwa sababu wewe ni wake*, hilo Waebrania walilihifadhi peke yao. Padah anaweza kufanywa na yeyote mwenye pesa. Ga'al anaanzia kwenye damu. Sisemi tofauti hii inashika katika kila mstari bila kuteleza. Manabii wakati mwingine wanaweka vitenzi vyote viwili sambamba, kama Hosea 13:14, na ukilazimisha tofauti pale utaharibu ushairi. Maneno hayatembei na kamusi nzima mgongoni. Lakini pale sheria inapozungumza, na pale hadithi inaposimuliwa, tofauti iko wazi.

Twende Bethlehemu. Kitabu cha Ruthu kina aya 85 tu, na mzizi wa *ga'al* umo zaidi ya mara 20. Kitabu kizima ni somo juu ya kitenzi hiki. Naomi amerudi kutoka Moabu bila mume, bila wana, na shamba la Elimeleki liko hatarini kupotea. Boazi ni jamaa. Lakini yuko mwingine aliye karibu zaidi, na foleni lazima ifuatwe. Kwa hivyo katika sura ya 4 Boazi anaketi langoni, mahali ambapo sisi tungesema ni barazani, anakusanya wazee 10, na yule jamaa anapita.

Angalia jinsi anavyoitwa. Mwandishi hamtaji jina. Kiebrania kinasema *peloni almoni*. Hilo neno *peloni* lina ndugu wa Kiarabu, *fulan*, na wewe unalijua: fulani. Huyu bwana anaitwa fulani.

Boazi anamwambia kuna shamba. Fulani anasema haraka: nitakomboa. Shamba ni faida. Kisha Boazi anaongeza kwamba pamoja na shamba kuna Ruthu Mmoabi, mjane, na jina la marehemu la kuinuliwa. Fulani anarudi nyuma. Anaogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu, anampa Boazi haki hiyo, anaondoka. Alitaka kulinda jina na mali yake, na Biblia nzima haijui aliitwa nani. Ruthu, mgeni kutoka Moabu, jina lake liko katika Mathayo 1:5.

Mpendwa, nchini kwetu tunamjua fulani. Mume akizikwa, kabla hata maua hayajakauka kaburini, ndugu wa marehemu wanapima shamba. Alama za mpaka zinasogezwa usiku. Hati iko kwa shemeji. Kila mtu ukooni anakubali shamba, hakuna anayekubali mjane. Wengine wao ni waimbaji kwaya. Kwa watu hao Mithali 23:10-11 ina neno, na naomba usome polepole: usiondoe alama ya zamani, usiingie mashamba ya yatima, kwa maana *go'el* wao ni hodari, naye atawatetea juu yako. Yatima hana jamaa wa kumtetea barazani. Sulemani anasema anaye, na hutaki kukutana naye.

Shamba la pili ninalotaka ulione ni lile la Anathothi, Yeremia 32. Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, yapata 587 K.K. Majeshi ya Babeli yameuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu alitabiri mji utaanguka. Binamu yake Hanameli anamjia na kumwambia: nunua shamba langu lililoko Anathothi, haki ya kukomboa ni yako. Fikiria. Ni shamba ambalo hawezi hata kwenda kuliona, katika nchi inayotekwa, na anaambiwa alinunue kwa fedha taslimu. Hakuna mfanyabiashara angekubali. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na moja wazi, anampa Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hati za namna hiyo, maandishi mara mbili, upande mmoja umefungwa na mwingine wazi, zimepatikana kweli katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi. Kundi mashuhuri ni la mwanamke wa Kiyahudi aitwaye Babatha, wa karne ya 2 B.K., lililofukuliwa mwaka wa 1961. Mjane huyo alikuwa ameficha karatasi zake za mashamba na za kesi zake pangoni.

Yeremia alilipa kwa sababu alikuwa jamaa. Faida hakuipata, alikufa bila kulilima shamba hilo.

Upande wa pili wa neno ni mgumu zaidi, na wahubiri tunaurukaruka. *Go'el* wa damu, Hesabu 35, ni jamaa wa karibu wa mtu aliyeuawa. Kazi yake ni kumfuata muuaji. Mungu aliiwekea kazi hiyo mipaka: miji sita ya makimbilio, kesi mbele ya kusanyiko, mashahidi zaidi ya mmoja. Nakuomba usiione kama jambo geni na neno hili. Shamba likipotea, jamaa analirudisha. Uhuru ukipotea, jamaa anaurudisha. Damu ikimwagika, jamaa hawezi kuirudisha, lakini hakubali ipotee kimya kimya bila mtu kuulizwa. Ndiyo maana watafsiri wetu katika Ayubu walichagua *Mteteaji*, na kwa maoni yangu pale walipatia kuliko Waingereza.

Haya. Sasa ukiwa na shamba, mjane na damu kichwani, rudi Misri.

Katika Kutoka 6:6 Mungu anamwambia Musa kwamba atawakomboa Israeli kwa mkono ulionyoshwa, na kitenzi ni *ga'al*. Kila Mwebrania aliyesikia angejiuliza: jamaa gani? Kwa haki gani Mungu anatumia neno la ukoo? Jibu lilikuwa limeshatolewa sura mbili nyuma. Kutoka 4:22, Musa anaagizwa amwambie Farao kwamba Israeli ni mwana wake, mzaliwa wa kwanza. Udugu ulitangazwa kwanza, ukombozi ukafuata. Mungu hakuwakomboa ili wawe wake. Aliwakomboa kwa kuwa ni wake.

Isaya ndiye aliyelikumbatia neno hili kuliko nabii yeyote. Limo zaidi ya mara 20 katika kitabu chake, karibu zote kuanzia sura ya 40 kwenda mbele, katika maneno kwa watu wa uhamishoni Babeli. Watu wasio na shamba, waliouzwa, wajane wa taifa zima. Soma Isaya 54:4-5: fedheha ya ujane, mume, Mkombozi, yote pamoja. Hiyo ni Ruthu 4 kwa lugha ya nabii. Soma 63:16, ambapo wanasema hata kama Ibrahimu hatujui na Israeli hatukiri, wewe u Baba yetu, Mkombozi wetu. Yaani hata kama ukoo wetu umetukana, jamaa tunaye.

Tena kuna jambo ambalo limenishangaza kwa miaka. Babeli ilianguka mwaka wa 539 K.K. mikononi mwa Koreshi mfalme wa Uajemi, na Koreshi ndiye aliyewaruhusu Wayahudi kurudi. Isaya anamtaja kwa jina. Anamwita mchungaji, 44:28. Anamwita masihi, yaani mtiwa mafuta, 45:1. Vyeo vizito kwa mpagani! Lakini hamwiti *go'el*. Hata mara moja. Koreshi alifungua mlango, na Mungu alimtumia, lakini hakuwa jamaa. Kila msimu wa uchaguzi hapa Kenya tunaletewa mkombozi mpya juu ya gari lenye vipaza sauti. Anaweza kuwa kiongozi mzuri, mpigie kura ukipenda. Cheo hicho Isaya alimnyima hata Koreshi.

Kisha neno likavuka mpaka wa lugha, na hapa ndipo sehemu kubwa ilipopotea. Kuanzia karne ya 3 K.K. Wayahudi wa Aleksandria walitafsiri Maandiko kwa Kigiriki. Katika Ruthu walitumia kitenzi kinachomaanisha kuwa jamaa wa karibu. Mahali pengine pengi walitumia *lutroo*, kuachilia kwa fidia, na kwingine neno la kuokoa tu. Lile neno moja likagawanyika. Kilatini kikaja na *redemptor*, mnunuzi wa kurudisha. Bei ilibaki, undugu ukafifia. Na undugu ukifutika, swali linalobaki ni la kibiashara: pesa zilienda kwa nani? Mababa wa kanisa walihangaika nalo. Origeni alifundisha kwamba fidia ilitolewa kwa shetani. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa kabisa: mwizi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe? Mimi nakubaliana na Gregori. Walawi 25 haikai kumsifu aliyelipwa. Jicho lake liko kwa aliyekuja.

Wayahudi waliobaki na Kiebrania waliendelea kulishika neno. Walipoasi Roma mwaka wa 66 B.K. walitengeneza sarafu zao. Zile za mwaka wa pili na wa tatu wa uasi ziliandikwa *uhuru wa Sayuni*. Zile za mwaka wa nne, 69 hadi 70, ziliandikwa *kwa ukombozi wa Sayuni*, na neno ni *ge'ullah*, mtoto wa *ga'al*. Mimi naisoma hivi: mwanzoni walijivunia walichokipata kwa mikono yao, na mikono ilipochoka wakamwita jamaa. Mwaka wa 70 hekalu liliteketea. Miaka 60 baadaye, katika uasi wa Bar Kokhba wa 132 hadi 135, neno hilo lilirudi kwenye sarafu za mwaka wa kwanza. Uasi huo pia ulizimwa kwa damu nyingi. Hivyo ukisoma Luka 24:21, wale wawili wa njia ya Emau wakisema walitumaini kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli, usiwacheke. Walikuwa na tumaini lile lile lililokuja kuandikwa kwenye sarafu. Na jamaa alikuwa anatembea nao.

Pwani yetu inajua tofauti ya vitenzi hivi viwili. Katika miaka ya 1880 watumwa wengi waliotoroka mabwana zao, watoro kama walivyoitwa, walikimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai karibu na Mombasa. Mabwana walitishia kuja kuwachukua. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa, chini ya George Mackenzie, iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watu zaidi ya 1,400, na watu wakapewa hati za uhuru. Tendo jema, na walioshika zile karatasi walikuwa na haki ya kushangilia. Ilikuwa *padah* halisi. Lakini kampuni ilipolipa haikuwa ndugu ya mtu yeyote. Ilikuwa na sababu zake, ilitaka amani pwani ili biashara iende. Mtu alibaki huru, na bado hana baba, hana ukoo, hajui kijiji alichoibiwa kilikuwa upande gani. *Ga'al* ingemrudisha pia mezani kwao.

Wiki hii dada mmoja aliniandikia kwa faragha. Mhubiri fulani amemwambia kwamba ukoo wao umefungwa na laana ya babu, na ili ukombolewe kila mtu wa nyumba atume sadaka ya ukombozi kwa namba ya M-Pesa, kiasi kikitegemea umri. Ana watoto watatu. Aliniuliza kama atume kidogo kidogo.

Dada, na wewe mwingine ambaye hujaniandikia lakini umeshatuma: sasa una kitenzi, kitumie kupima. Katika Walawi 25 maskini aliyeuzwa haombwi hata senti. Angekuwa nayo asingeuzwa. Anayelipa ni jamaa. Naomi hakumlipa Boazi. Hanameli ndiye aliyepokea shekeli 17, hakuzitoa. Isaya 52:3 inasema mliuzwa bure na mtakombolewa bila fedha. Watakuonyesha Walawi 27, ambapo mtu anaongeza sehemu ya tano ili kukomboa, na kweli kitenzi hapo ni *ga'al*. Isome yote. Ni mtu aliyeweka nadhiri kwa hiari yake, akatoa mnyama au nyumba au shamba kwa Bwana, kisha akataka mali yake irudi. Hakuna laana ya babu katika sura hiyo. Watakuonyesha pia bei kwa umri mwanzoni mwa sura. Hizo ni hesabu za nadhiri, na aya ya 8 inasema aliye maskini apunguziwe kulingana na uwezo wake. Mtu anayekudai wewe pesa ili akukomboe, Kiebrania hakina njia ya kumwita *go'el*. Wafanyabiashara wana jina lao.

Usitume. Nunua unga.

Na ukitaka kuona kitenzi hiki kikiwa na mwili, soma Waebrania 2:11 hadi 15. Kitabu kimeandikwa kwa Kigiriki, na *ga'al* haimo. Lakini mpangilio ni ule ule wa foleni ya Walawi. Kwanza, haoni haya kuwaita ndugu zake. Pili, kwa kuwa watoto wana damu na nyama, yeye naye akashiriki hivyo hivyo. Tatu, ndipo akawaweka huru waliokuwa utumwani maisha yao yote kwa hofu ya mauti. Mwana wa Mungu angeweza kulipa kutoka mbali, kama kampuni, kama Koreshi. Sheria ya *go'el* ilidai kwanza awe jamaa. Betlehemu ilikuja kabla ya Golgotha kwa sababu hiyo.

Bado tuna Ayubu, ambaye tulianza naye na kumwacha njiani. Tunapenda kuuimba ule mstari wa 25 peke yake, hasa kwenye mazishi. Jioni ya leo anza aya ya 13. Ndugu zake wako mbali naye. Rafiki wamefarakana naye. Jamaa zake wameacha kuja. Wageni wa nyumba yake mwenyewe wanamhesabu mgeni. Anamwita mtumishi, haitikii. Mkewe hawezi kuvumilia pumzi yake. Watoto wadogo wanamdharau. Ayubu anaipitia foleni yote ya Walawi 25, ndugu, jamaa, nyumba, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Foleni imeisha. Ndipo anasema *go'el* wake yu hai.